Kelele Ikiisha Huenda Wapi

"Mjomba, kelele ya gari ikiisha, huwa inaenda wapi?"

Aliyeuliza alikuwa mtoto wa darasa la pili, amekaa juu ya tairi kuukuu gerejini, miguu ikining'inia, akimngoja mama yake amalize kununua nyuzi dukani ng'ambo ya barabara. Aliyeulizwa alikuwa chini ya pikapu na kilichoonekana kwake ni viatu tu. Viatu vilitulia kidogo, kana kwamba vinafikiri.

"Hilo nitakujibu nikimaliza hapa."

Alimaliza, akatoka kinyumenyume, akanawa mikono kwa sabuni ya unga iliyochanganywa na mchanga. Kabla hajajifuta akaitwa na mteja mwingine. Mama naye akarudi na nyuzi zake. Swali likabaki juu ya tairi, na likakaa huko miaka minane.

Siku zile masikio ya mjomba yalikuwa mazima, na ndiyo yaliyompa jina. Gereji nzima ilimwita Sikio. Mke wake naye alimwita hivyo akiwa amemkasirikia. Jina alilipata ujanani, kwenye lori lililowatoa jasho mafundi watatu kwa siku nne. Yeye alikuwa anapita tu na kikombe cha chai. Akasimama, akafumba macho, akanywa funda moja, akasema, "Fungueni upande wa feni. Kuna kitu kidogo kimedondokea mle." Wakafungua. Wakakuta kifuniko cha chupa ya soda.

Tangu hapo ikawa desturi. Mtu akitaka kununua gari lililokwisha kutumika, hatoi neno mpaka Sikio afumbe macho mbele yake. Gari liliwashwa, boneti ikafunguliwa, mtu mmoja akasema, "Nyamazeni, Sikio anasikiliza," na hata fundi wa bodi wa banda la jirani akateremsha nyundo. Sikio akasimama hatua mbili kutoka kwenye injini, mikono nyuma, kama mwalimu anayesikiliza watoto wakisoma kwa sauti. Mafundi wengine huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, ili sauti ipande kupitia chuma. Sikio alikuwa hataki hata kuona. "Weka mkongojo huo chini," alikuwa akiwaambia. "Sikio zima halitembelei fimbo."

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo akianza kusikia filimbi.

Ilikuwa nyembamba, kama ya birika linalokaribia kuchemka chumba cha pili. Asubuhi ya kwanza aliinuka kitandani kwenda kuliepua. Jiko lilikuwa baridi na birika limefunikwa kifudifudi, lakini filimbi iliendelea. Miaka thelathini na moja ya nyundo na grenda ya jirani ilikuwa imeanza kudai chake. Kwanza zikaondoka sauti za ndege. Kisha sauti za watoto. Kisha akawa anajua mvua inanyesha pale tu anapoona bati la kibanda cha mlinzi linang'aa.

Hakumwambia mtu. Alikuwa na miaka hamsini na minane, magoti yaliyolia kila akichuchumaa (hayo alikuwa anayahisi, hayasikii), na jina moja tu la kumletea wateja. Fundi anayeitwa Sikio, halafu hasikii. Siku watu wakijua, ndiyo siku anayomwaga unga.

Basi akajifunza ujanja. Alisimama uso kwa uso na mteja ili amsome midomo. Asipoelewa aliuliza, "Limeanza lini?" kwa sababu jibu lolote la swali hilo unaweza kulitikisia kichwa. Barabarani aliendesha amevua kiatu cha kushoto, unyayo uko sakafuni, akitafuta mtetemo. Boneti aliigusa kwa kiganja, kama mama anayepima homa ya mtoto. Na kwa kuwa alikuwa fundi wa kweli, mara nyingi unyayo na kiganja vilimfikisha.

Lakini vilimchosha. Kazi yenyewe haikuwahi kumchosha kama kuificha. Jioni alirudi nyumbani akiwa amekwisha, akakaa kwenye kiti chake na kuongeza sauti ya redio mpaka kikombe kikatikisika mezani.

"Kutwa nzima uko kwenye kelele," mke wake alisema, "na ukirudi unataka nyingine."

Yeye akamtazama midomo, akashika neno "kelele" peke yake, akatabasamu.

Dada yake ndiye aliyekuja kulifungua jambo hili, bila kujua kwamba analifungua. Ni mdogo wake wa kufuatana naye, mama wa yule mtoto wa juu ya tairi. Anashona mapazia. Kwa miaka mingi alibeba marobota ya vitambaa begani, bega la kulia likawa limeshuka kuliko la kushoto, na nguo zake mwenyewe hulazimika kuzipunguza upande mmoja. Alijinyima, akangoja, mpaka akapata gari la kijivu, la nyuma refu, lisilo na klachi, kwa mtu aliyekuwa anahama. Hakuliuliza umri wala mafuta linayokula. Alimwita kaka yake.

Walikwenda Jumamosi asubuhi: Sikio, dada yake, na yule binti, ambaye sasa yuko sekondari na amemzidi mama yake urefu. Mwenye gari akawasha. Akazima redio mwenyewe bila kuambiwa.

"Nyamazeni," dada akasema.

Sikio akaweka mikono nyuma, akafumba macho. Akasikia birika. Hakuna kingine, birika tu, la chumba cha pili. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, maana muda nao ulikuwa sehemu ya sifa yake. Kisha akaweka kiganja kwenye boneti. Injini ilikuwa inatetemeka kidogo, kama gari lolote la umri ule. Alipofumbua macho, aliziona nyuso zote tatu zimemkodolea. Ya dada yake ilikuwa ya mtu ambaye ameshafunga mizigo.

"Chukua," akasema.

Mwenye gari akainua kichwa haraka, kama mtu aliyesamehewa kosa ambalo hajalikiri. Sikio aliuona uso huo. Akaupuuza.

Wiki tatu baadaye, Jumanne, dada akaingia gerejini na gari lake kabla mafundi hawajamaliza kufagia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mbona alfajiri?"

"Ile kelele yetu imekuwa kubwa. Jana nimepeleka mapazia ya zahanati, mlinzi ananiuliza nimemfungia nani kwenye buti, mbona anagonga atoke."

Sikio alikuwa anamtazama midomo. "Kelele gani?"

"Si ile ya tangu siku ile."

"Siku ipi?"

"Tuliyonunua. Kok, kok, kok." Dada akagonga boneti kwa kifundo cha kidole. "Sote tuliisikia. Hata aliyeniuzia. Unajua alikuwa ameshajiandaa kunipunguzia kwa sababu yake? Binafsi nilitaka kuuliza. Lakini wewe ukasema chukua. Nikajua umeisikia ukaona si kitu."

Watu wote waliosimama mbele ya gari Jumamosi ile walikuwa wamesikia. Hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu Sikio alikuwa hajaufungua wake. Kelele ile ilikuwa imesimama katikati yao wazi kabisa, na wote wakaichukulia kuwa ni tabia ya gari.

"Ah," akasema. "Hiyo."

"Ehe, hiyo."

"Liache hapa."

"Kaka, Ijumaa nina mapazia ya bweni zima, madirisha arobaini. Sina gari lingine." Akajigusa bega lililoshuka. "Wala bega lingine."

Gereji ilikuwa na fundi kijana wa umeme aliyeitwa Kompyuta, kwa sababu ya kimashine chake kidogo cha kuchomeka chini ya usukani ili gari liseme ugonjwa wake. Alikichomeka. Gari likasema halina ugonjwa.

"Linadanganya," Kompyuta akasema, huku injini ikiwa inazunguka. "Mzee, mimi sihitaji mashine hapa. Hizo ni beringi za ndani, zimekwisha. Mwambie shangazi atafute injini nyingine. Au wewe unasemaje?"

"Ngoja."

"Tungoje nini, na linagonga hivi mpaka meno yanauma?"

Siku hiyo Sikio alibadilisha mkanda. Siku ya pili alifungua plagi zote, akazitazama moja moja, akazirudisha. Alikaza vishikio vya injini. Alimwaga oili, akaichuja kwenye kitambaa cheupe alichopewa na dada yake, akakipeleka juani kutafuta vumbi la chuma. Beringi zikiwa zinakufa huacha vumbi linalometa. Kitambaa kilikuwa cheusi tu, hakimeti. Kwa hiyo macho yake yalimwambia Kompyuta amekosea, lakini hayakumwambia gari linaumwa nini. Hilo lilihitaji masikio. Dada akapiga mara mbili, simu ikatetemeka mfukoni. Aliihisi pajani, akaiacha. Baadaye ukaja ujumbe: *Kaka, vipi?* Aliandika *Bado*, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ameshika tama, akitazama gari kama mtu anayetazama mlango uliofungwa kwa ndani.

Alhamisi mchana akateremka shimoni. Ni lile shimo la saruji ambalo gari husimama juu yake na fundi akaingia chini. Ngazi zake ni tano na magoti yake yalizihesabu zote. Kompyuta alikuwa juu kwenye kiti cha dereva, akikanyaga mafuta kidogokidogo kama alivyoagizwa.

Mkono mmoja wa Sikio ulishika taa ya waya. Wa pili ulisogeza bomba la moto kwa kitambaa. Bisibisi ndefu aliihitaji, na mkono wa tatu hakuwa nao, akaibana kwenye meno kwa mpini. Alikuwa amechoka, shingo inamuuma, akainua kichwa vibaya. Ncha ikagusa chuma pale injini inapokutana na giaboksi.

Kok.

Alidhani amejigonga kichwa. Akatulia.

Kok, kok, kok.

Haikupitia sikioni. Ilipanda kupitia mpini, ikaingia kwenye taya, ikapita nyuma ya pua na kujaa fuvu zima, nzito, safi, juu ya filimbi yote. Sikio akauma mpini kwa nguvu zaidi. Akasogeza ncha mpaka kwenye bakuli la oili chini ya injini: kelele ikaenda mbali, kama mtu anayegonga nyumba ya jirani. Akapeleka ubavuni: mbali bado. Akarudi kwenye maungio na giaboksi. Ilikuwa pale, imekaa kama mwenye nyumba.

Akafumba macho. Kwa miaka miwili alikuwa akifumba macho kwa sababu anatazamwa. Sasa alifumba kwa sababu anasikiliza.

Kichwa cha Kompyuta kikachungulia ukingoni mwa shimo, chini juu. Alisema kitu, akarudia, na mara ya pili Sikio akakisoma midomoni.

"Mzee, unaila?"

Akatoa bisibisi mdomoni. "Zima."

Chini ya maungio yale kuna kifuniko kidogo cha bati. Akakifungua. Ndani mwake ipo sahani ya chuma inayoshikanisha injini na giaboksi kwa bolti sita. Kompyuta akateremka kuzungusha injini kwa spana, taratibu, ili bolti zije dirishani moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa imekaza. Ya pili Sikio aliizungusha kwa kidole. Ya tatu hivyohivyo. Ya nne haikuwepo kabisa, palikuwa na tundu tu. Mtu fulani siku za nyuma alishusha giaboksi, akairudisha akiwa na haraka, na sahani ile ikawa inabisha hodi tangu hapo.

"Na mimi nilitaka kumnunulisha shangazi injini," Kompyuta akasema polepole.

Sikio akatafuta bolti inayofanana kwenye mkebe wa maziwa uliojaa bolti za magari yaliyokufa. Akaifunga, akazikaza zote, akarudisha kifuniko. Kompyuta akapanda, akawasha.

Sikio alikuwa amesimama shimoni, kichwa kimefika usawa wa sakafu. Aliisikia filimbi yake tu. Akamtazama Kompyuta usoni, na Kompyuta alikuwa anatabasamu. Hiyo ilitosha. Angeweza kusema, "Si nilikwambia," akapanda ngazi zake, akaenda kunywa chai, na jina lake lingebaki salama.

Lakini Jumamosi ile nayo alikuwa amesoma nyuso, na kumbe nyuso zilikuwa zinamsoma yeye. Alijiona hana tena nguvu za kusoma hata uso mmoja.

"Imeisha?" akauliza.

"Si unasikia mwenyewe."

"Sisikii."

"Subiri lile lori lipite."

"Siyo lori. Mimi sisikii. Tangu mwaka juzi."

Kompyuta akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akazima gari, akateremka, akachuchumaa ukingoni mwa shimo ili midomo yake iwe sawa na macho ya mzee; hakuna aliyemfundisha hilo.

"Imeisha, mzee. Kimya kabisa." Akafikiri kidogo. "Na ile pikapu ya muuza mbao uliyosema nzima?"

"Ile niliigusa tu."

"Na basi la shule?"

Sikio akaiangalia bisibisi mkononi. Ilikuwa na alama za meno. Basi la shule aliliruhusu mwezi uliopita, limejaa viti vidogo vya rangi, dereva wake akamshukuru na kumpa mkono.

"Kesho nitampigia dereva wake alilete," Kompyuta akasema.

"Mpigie leo."

Lililetwa siku hiyohiyo. Sikio akauma bisibisi mbele ya dereva na mbele ya gereji nzima, na meno yakamwambia beringi ya pampu ya maji ilikuwa inakaribia kusagika. Wiki zilizofuata aliwaita wote aliowasikilizia magari ndani ya miaka miwili, mmoja mmoja. Wengi walikuta magari yao mazima. Baadhi walicheka. Mmoja alitoa povu nusu saa, Sikio akimtazama midomo asipoteze hata neno. Wateja wawili wakubwa walihamia gereji nyingine bila kuaga. Kazi ikapungua, na alipata nafasi ya kukaa kwenye ndoo zaidi ya alivyotaka. Jina halikubadilika, ila sasa watu hulitamka kwa namna nyingine.

Sikio alimwambia dada yake Ijumaa ya wiki ileile, dada alipokuja kuchukua gari. Alikuwa anapakia marobota.

"Mdogo wangu, siku ile sikusikia kitu."

"Siku ipi?"

"Tuliyonunua. Masikio yangu yamekwisha. Nilisema tu."

Dada akasimama na robota lake begani, ingawa buti lilikuwa wazi mbele yake.

"Kwa hiyo sote tulisikia isipokuwa wewe."

"Ndiyo."

"Na sote tukakuamini wewe."

"Ndiyo."

Akaliteremsha robota, akalilaza kwenye buti, akalipangusa vumbi lisilokuwepo. Alikuwa na madirisha arobaini yanamngoja, na ilionekana anachagua kama agombane naye sasa au baadaye.

"Wifi anajua?"

"Bado."

"Kamwambie leo. Mimi nikimaliza bweni napita kwenu, na ukiwa hujasema nitasema mimi, na unajua navyotia chumvi."

Alimwambia mke wake. Mke akaenda kupunguza redio, akarudi, akavuta kiti akakaa mbele yake badala ya ubavuni. Tangu siku hiyo hukaa hapo.

Jumapili iliyofuata walikuwa wote kwa dada, kwenye chumba cha kushonea, ambacho kina mapazia ya kila mtu isipokuwa ya madirisha yake. Jua la alasiri liliingia lote. Dada na wifi yake walikuwa wanakunja vitambaa, kila mmoja ameshika ncha mbili, wakiendeana na kurudi nyuma. Sikio alikuwa amejiegemeza ukutani na kikombe chake, macho mazito. Binti yule wa sekondari akavuta kigoda upande wa kulia, ambao ndio wenye nafuu.

"Mjomba, zamani nilikuuliza swali hukunijibu."

"Lipi?"

"Nilikuwa nimekaa juu ya tairi."

Alimtazama midomo. Akamwomba arudie, na binti akarudia neno kwa neno, polepole, lile swali la darasa la pili. Mama yake na mke wa mjomba wakaacha kukunja. Sikio akaweka kikombe chini, akacheka cheko fupi la mtu aliyechoka, akajigusa nyuma ya sikio kwa kidole chenye oili isiyotoka hata kwa mchanga.

"Haiendi mbali, mwanangu. Zote zimehamia humu. Ile ya lori, ile ya pikapu uliyoniona nayo siku ile, zinapiga filimbi mchana na usiku na hakuna hata moja inayolipa kodi. Ya gari la mama yako tu ndiyo haimo. Hiyo niliitafuna."